Filamu Moja kwa Kila Mwongozaji

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa kitambaa cha pamba, chupa ya spiriti na deki iliyofunguliwa kifuniko, nikaambiwa nisafishe vichwa. Nyinyi mnaotazama filamu kwenye simu hamjui vichwa ni nini, na si kosa lenu. Deki ilikuwa mashine ya kuchezea kaseti za video, na ndani yake mlikuwa na vijichuma vidogo vilivyosoma picha kwenye utepe. Vumbi la mtaa wetu wa Nyamirambo likikaa pale, picha inajaa mvua. Nilisafisha asubuhi nzima nikidhani ndiyo kazi yenyewe.

Mchana mwenye duka aliniita chumba cha nyuma. Wote tulimwita Patron. Alikuwa mtu mnene, mpole wa sauti, Mnyarwanda aliyekulia Bujumbura, na Kiswahili chake kilitembea na Kifaransa bega kwa bega. Akaweka kaseti, akazima sauti yote, akasema, "Mama, tazama. Ikiisha utaniambia hadithi."

Nilitazama watu wakifungua na kufunga vinywa bila neno kutoka. Ilipoisha nikamwambia kwamba yule mwanamke anajua mdogo wake ndiye aliyeiuza nyumba ya baba yao, ila hasemi.

"Umejuaje kama anajua?"

"Kila mdogo wake akiingia, yeye anahamia karibu na mlango."

Patron akakuna kidevu. "Bon. Wewe iko na macho. Kesho uje."

Macho hayo sasa yamekwisha. Daktari anauita ugonjwa huu presha ya macho. Jicho la kulia limezima, la kushoto linapambanua mwanga na kivuli, basi. Haya mnayosoma nayasema mimi, anayeandika ni binti yangu Neema. Na mwaka huu, nikiwa nimestaafu na nimekaa kwangu, nikaletewa kazi inayotaka macho: nichague filamu ninazozipenda za waongozaji saba mashuhuri, moja kwa kila mmoja. Nilivyohangaika nayo ndiyo habari ninayotaka kuwapa, lakini hamtaielewa kabla hamjajua kazi hii ilivyokuwa ikifanywa.

Nilikuwa nimerudi nchini kutoka Tabora, nilikokulia, na kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Kinyarwanda changu kilichekwa sokoni, ofisini walitaka Kifaransa. Nyamirambo peke yake ndiko mtu angeweza kununua chumvi kwa Kiswahili bila kuulizwa ametoka wapi. Duka la Patron lilikuwa kati ya fundi cherehani na muuza sambusa, na tulikodisha kaseti. Maduka mengine yalizipanga kwa waigizaji, au mapigano upande huu na mapenzi upande ule. Patron alizipanga kwa waongozaji. Mwongozaji si yule mwenye sura nzuri kwenye jalada. Ni yule anayeamua kamera ikae wapi, mtu aingie lini, picha ikatwe wapi.

"Muigizaji iko mpangaji," Patron alikuwa akisema. "Mwongozaji ndiye mwenye nyumba."

Wateja hawakumwelewa. Waliingia wakitaka ya yule mwenye misuli, nami nilifundishwa kuwajibu kwa adabu kwamba huyo mwenye misuli ameishi nyumba nyingi, wao wanataka nyumba ya nani. Wengi waliondoka zao. Waliobaki wakawa wateja wa kudumu, wabishi kama mimi.

Kila wiki tuliweka dirishani filamu moja ya mwongozaji mmoja, na kuichagua kulikuwa na utaratibu. Mara ya kwanza unaitazama na sauti yake, kama mtu yeyote. Mara ya pili unazima sauti. Ikiwa bila maneno bado unajua nani anamwogopa nani, huyo mwongozaji anaijua kazi yake. Ikiwa ni midomo tu inachezacheza, hiyo ni redio iliyovishwa nguo. Na kulikuwa na sharti ambalo Patron hakulilegeza hata siku moja: usichague kwa kumbukumbu. Hata kama filamu uliipenda mpaka ukaiota, itazame tena kabla hujaiweka dirishani. "Filamu haibadiliki," alisema, "lakini kichwa yako inaikata upya." Nilimwona mzee msumbufu. Kisha siku moja nikaapa mbele ya wateja kwamba filamu fulani inaisha kwa mwanamke kupanda treni. Tuliporudia kuitazama, treni haimo kabisa. Sikuapa tena.

Majina ya waongozaji siyataji. Nikitaja saba, mashabiki wa yule wa nane watanijia mlangoni, na kwa ugomvi mashabiki wa mpira hawaoni ndani. Nitasema Mhindi, Msenegali, Mjapani, na wanaowajua watawajua.

Sasa nije kwa Shabani. Hapa kwetu tuna kitu kinaitwa agasobanuye. Ni filamu ya kigeni ambayo mtu wa kwetu anazungumza juu yake tangu mwanzo hadi mwisho, akiifasiri kwa Kinyarwanda, na huku Nyamirambo akichanganya na Kiswahili. Tena hafasiri tu. Anatia utani, methali, na habari za mtaa. Shabani, mzaliwa wa Nyamirambo, alifanya kazi hiyo kwenye banda la video jirani yetu. Majambazi wa Marekani aliwabatiza majina ya madereva wa mtaa wa Kimisagara, na banda lilikuwa likijaa hadi watu wanakaa mlangoni.

Siku moja akaingia dada mmoja dukani akauliza, "Iko mpya ya Shabani?"

Nikamwambia kwamba Shabani hatengenezi filamu. Akanitazama kwa huruma kabisa. "Dada, mimi nimetazama filamu zake zote."

Kwake yeye mwongozaji alikuwa Shabani. Ya Uhindi, ya Uchina, ya Marekani, zote za Shabani. Nilikasirika siku nzima. Patron alicheka mpaka akavua miwani.

Kaseti zilipokufa, Patron alifunga duka akaenda kukaa kwa watoto wake, nami nikaajiriwa kuwa mteuzi wa filamu katika ukumbi mmoja wa mtaa wa Gisimenti. Mkubwa wangu pale alikuwa Mkurugenzi, aliyekulia Kampala, mtu wa tai shingoni hata Jumamosi. Alinipokea vizuri, akanionyesha projekta, akaniambia ukweli wake palepale. "Mama Neema, mimi sijui kamera. Mimi najua viti. Kiti kitupu kinaniuma." Mimi niliteua waongozaji wangu, viti vikabaki vinamuuma. Basi akaenda Nyamirambo, akamleta Shabani na maiki yake.

Haukupita muda nikateua filamu ya Mjapani. Fundi wa miavuli amefiwa na mkewe. Hadithi ni hiyo tu. Karibu na mwisho fundi anachukua mwavuli wa marehemu, ambao miaka yote hakupata nafasi ya kuutengeneza, anakaa nao. Kamera haisogei. Hakuna muziki wala neno, na ni mahali parefu. Nilikwisha kuitazama bila sauti sijui mara ngapi, na kwangu mimi kazi yote ya yule mwongozaji imo mle. Shabani, kwa kuwa aliajiriwa aseme, akasema. Akamfanya mzee awaze madeni, akamletea mchumba kutoka mtaa wa Gikondo, akauuliza mwavuli kama unajua kupika. Ukumbi mzima ukavunjika mbavu. Mimi nikatembea hadi mbele, nikachomoa waya wa maiki.

Kesho yake tuliitwa ofisini wote wawili.

"Nani amekuruhusu kuchomoa waya?" Mkurugenzi aliuliza.

"Mwongozaji," nikamjibu.

"Mwongozaji yuko Japani, na labda ni marehemu. Mkurugenzi ni mimi."

Shabani hakuwa na hasira, na hilo lilinikera zaidi. "Mkurugenzi, pale filamu iko kimya sana. Mimi naangalia watu. Wakianza kutafuta viatu, nasema kitu. Iko kazi yangu."

"Kuna mahali mtu hasemi," nikamwambia. "Pale mtu asiseme. Hata wewe."

Mkurugenzi alitugawa kama mama anayegawa watoto wanaogombana: Alhamisi ikawa yangu, filamu bila msemaji, na maandishi ya chini, Jumamosi ikawa ya Shabani. Alhamisi walikuja wachache, Jumamosi watu walisimama. Shabani hakuniacha nipumzike. "Mama Neema, Alhamisi yako iko kama kanisa siku ya Jumanne." Nami nilimjibu kwamba Jumamosi yake ni soko, ila sokoni mtu hurudi na kitu mkononi. Tukaenda hivyo miaka, si marafiki, si maadui. Aliniletea sambusa, nikala, na bado sikukubaliana naye. Mpaka leo nasema nilikuwa na haki.

Kituo changu cha mwisho kilikuwa televisheni, chini ya Mkuu wa Vipindi. Huyo alikuwa kijana, mstaarabu, na aliteua filamu kwa urefu. Ukimwambia habari za mwongozaji anauliza, "Inaingia kabla ya taarifa ya habari?" Nilijifunza kumfichia waongozaji wazuri ndani ya filamu fupi, na sioni aibu, watazamaji walifaidi.

Ni hapo macho yalipoanza. Nilikuwa nikitazama bila sauti, kama nilivyofunzwa, nikaandika kwamba binti yuko peke yake chumbani. Mkuu wa Vipindi akapita nyuma yangu akasema, "Mama, na huyo mwanaume hapo pembeni?" Nikasogea. Kweli, mwanaume alikuwa amesimama ukingoni mwa picha muda wote, na mimi sikumwona. Ugonjwa huu huanza kula pembeni, kisha unaingia katikati. Nilimaliza mkataba wangu, nikaaga vizuri, sikumwambia mtu sababu. Niliogopa sana, niseme kweli. Mtu aliyepewa kazi kwa sababu ya macho, akiambiwa hayatarudi, anajiuliza yeye ni nani.

Ndipo mwaka huu akaja Diane, binti anayeongoza kikundi cha vijana wapenda filamu pale pale Gisimenti. Alikuja kwa moto, na mkoba umejaa flashi. "Mukecuru," akaniambia, neno letu la heshima kwa mwanamke mzee, "tunataka msimu mzima uwe chaguo lako. Waongozaji saba, filamu moja kila mmoja. Ile unayoipenda wewe."

Nilitaka kumkatalia. Kuchagua kwa kumbukumbu siwezi, kutazama tena siwezi. Lakini nikasikia mdomo wangu unasema nitafanya. Kumbe nilikuwa na njaa ya kazi ile, njaa kabisa.

Neema alijitolea kunisimulia picha. Mwanangu ana moyo mzuri, na anaandika haya huku ananuna, lakini hafai. "Mwanaume anatembea," anasema. Kimya. "Bado anatembea." Kimya. "Ameingia ndani." Ndani wapi, kwa mlango gani, kwa uso gani, hakuna. Tena katikati simu yake inalia. Siku ya pili nikamwambia, "Basi mama, acha. Niitie Shabani." Akauliza Shabani yupi. Nikasema kuna Shabani wangapi.

Alikuja baada ya sala ya adhuhuri. Siku hizi ana kibanda cha chai Nyamirambo. Sauti imekwaruza, maiki amewaachia vijana. Akakaa, akanywa maji, akauliza, "Mama, leo waya iko wapi? Nataka nikae mbali nayo." Nilicheka, sikuweza kujizuia.

Tukaanza na Msenegali. Shabani akaingia kama zamani: mama wa sokoni amekataa kuhama kibandani kwake, askari amesimama mbele yake, na moyoni anamlaani diwani na ukoo wake wote.

"Hayo ya ukoo yamo kwenye picha?" nikamwuliza.

"Hapana. Iko yangu."

"Toa. Niambie mikono yake iko wapi."

"Mikono? Moja iko juu ya kikapu. Nyingine iko nyuma, inashika nguzo." Akasogelea kioo. "Mama, anaishika kwa nguvu. Hataki askari aone."

Hapo nikajua tutaweza. Haikuwa rahisi. Kila alipotia la kwake nilimkatiza, na kila nilipomkatiza alisema kazi yangu ni kumnyima mtu chumvi. Tulirudia, tulizozana, Neema akatuletea chai. Yule Mhindi niliyempenda kwa filamu yake ya posta, nilipoisikia tena sikuitaka. Shabani hakuwa na cha kuniambia, ni midomo tu. Tukachukua nyingine, ndogo, ambayo zamani niliipita bila kuiangalia mara mbili. Patron angefurahi. Filamu sita tulizichagua kwa haki, kwa kuzirudia, kama nilivyofundishwa.

Ikabaki ya saba, ya Mjapani. Neema akaweka flashi. Shabani akasimama.

"Hii mimi siisemi, Mama. Ulisema pale mtu asiseme. Nilikubali."

Sikujua kama ni utani au ni jeraha. Nadhani vyote viwili. Neno moja tu la kumwomba lingetosha, na neno lenyewe sikulitoa. Mtu akishinda hoja miaka yote hiyo, hajui kuirudisha. Nikamwambia haina haja, naijua kwa moyo, nikamwambia Neema aandike fundi wa miavuli. Ndivyo nilivyovunja sharti la Patron.

Vijana huniuliza kazi hii inataka nini, nami najibu palepale: kupenda filamu si kazi, kila mtu anapenda. Kazi ni kurudia. Unairudia filamu uliyoipenda ukiwa tayari kuikuta imekuponyoka, au wewe umeiponyoka. Wakubwa wangu watatu walinifundisha hivyo kila mmoja kwa njia yake. Patron alinipa macho, Mkurugenzi alinionyesha viti, na hata yule wa televisheni aliniambia nani amesimama pembeni. Sijuti kazi yangu. Kilichonisumbua mwezi mzima ni ile ya saba.

Siku yake ilipofika nilikwenda na Neema. Ilikuwa Jumamosi alasiri, na kwa kelele nilijua ukumbi umejaa vijana. Hakuna msobanuzi, mtu wa kuisemea filamu, siku hizi pale, ni maandishi ya chini tu, na watu wanakaa kimya kama Alhamisi zangu. Shabani alikuwa amefika kabla yetu, akanishika mkono hadi kitini, akakaa kushotoni kwangu. Filamu ikaanza. Kijapani sikijui, lakini mvua niliisikia, mlango wa duka niliusikia, na kwa kila sauti picha ilinijia mahali pake. Nikajisemea, unaona, moyo haukudanganyi.

Kisha sauti ikaisha. Tulikuwa tumefika pale. Mbele yangu palikuwa na weupe hafifu, hakuna kingine. Nikajaribu kuukumbuka mwavuli. Mweusi, au wa rangi? Amekaa sakafuni, au kwenye kiti? Nilitafuta kichwani kama mtu anayepapasa kabatini, na kilichokuja mkononi ni mchumba wa Gikondo. Picha niliyoitetea miaka yote haikuwepo. Lililobaki ni neno la Shabani. Niliogopa kuliko siku ile ya daktari.

"Shabani," nikamnong'oneza. "Anafanya nini?"

"Mama, hapa ulisema mtu asiseme."

"Nilisema. Lakini sioni. Nakuomba."

Akainama sikioni kwangu. "Amekaa chini. Mwavuli iko kwa magoti yake, ya bluu, kitambaa imechanika upande moja. Anapitisha kidole pale imechanika. Anarudi. Anapitisha tena."

"Wazee, tafadhali," kijana akasema nyuma yetu. "Watu wanatazama."

Alikuwa na haki. Mimi ningemwambia kwa ukali zaidi. Shabani akanyamaza. Nikageuza shingo nikamwomba kijana atuvumilie, kisha nikamgusa Shabani mkono aendelee.

"Sasa ameinamisha kichwa," akasema, na sauti yake ilikuwa imebadilika. "Iko anamwomba mke wake msamaha, kwa kuchelewa."

Midomo ya fundi haisogei pale. Hilo nalijua. Hayo yalikuwa ya Shabani mwenyewe, hayamo kwenye picha. Nikayaacha.